Nyumba ya Maboya ya Msasani

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu. Nasema mama mkwe wangu kwa mazoea tu, maana ukwe wenyewe ulikwisha zamani, lakini yule mama hakuacha kuniita mwanangu, na mimi sikuona sababu ya kukaa Kyimo namenya viazi wakati anafukiwa. Nikaenda. Mvua ilikuwa ile yetu ya Tukuyu, hainyeshi na haikomi, na baada ya maziko tukagawiwa mbalaga, ndizi zetu za kupika, kwa nyama, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Ndipo nikamsikia Ipyana, mwanawe, aliyekuwa mume wangu. Amenenepa, ana kitambi cha mtu anayepikiwa vizuri, lakini sauti ni ile ile. Alikuwa anawachekesha wenzake kwa habari za mke wake wa kwanza, fundi umeme, aliyeona umeme mahali ambapo haukuwepo akawavurugia watu wazima siku ya kufungua nyumba. "Jamani, mwanamke alimruka baba mkwe miguu!" akasema. Benchi zima likacheka, mzee mmoja akapaliwa. Labda hakujua kuwa nipo. Labda alijua. Jirani yangu wa mkekani alinitazama kwa huruma, nikamwambia asinitazame, ale. Na mimi nilikula, nikamaliza. Lakini nilipofika kwangu hasira zilikuwa zimenishika kiasi cha kushindwa kuvua viatu, nikakaa navyo kitandani, na siku ya pili nikaanza kuandika.

Mwaka ule wa nyumba hiyo nilikuwa mwembamba, nina cheti kipya cha ufundi umeme na mume mpya. Tuliishi kwenye chumba kimoja cha uani, kwenye kiwanja cha baba yake, Msasani hii yetu ya Tukuyu, si ile ya matajiri wa Dar es Salaam. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, jiko la mkaa na dirisha lililotazama mahali nyumba mpya ya mzee ilipokuwa inapanda. Mzee alistaafu kiwanda cha chai, alikuwa msimamizi wa karakana, na alirudi kutoka kiwandani na vitu viwili: drili kubwa ya chuma na tabia ya kutobishiwa. Jina lake sitalitaja. Msidhani ni heshima. Mkamwana wa Kinyakyusa hatamki jina la baba mkwe, na mdomo wangu ulishafunzwa hivyo; hata leo nikijaribu, unagoma.

Nyumba yenyewe ilikuwa kichekesho cha mtaa. Boya ni lile jeupe jepesi linaloizunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Sasa fikiria matofali makubwa ya kitu hicho, yana uwazi katikati. Unayapanga, unasimamisha nondo kwenye ule uwazi, unamimina zege. Zege likishika, boya halitolewi. Linabaki ndani na nje, na nyumba inatunza joto hata mwezi wa sita, wakati sisi wengine tunalala na soksi na sweta. Majirani hawakujali habari ya joto. Walichoona ni kuku wao wanavuka ua kwenda kudonoa nyumba ya mtu, na kweli walikuwa wanaidonoa, kuku anapenda boya sijui kwa nini. "Nyumba ya kuliwa na kuku!" walisema wakipita na mikungu ya ndizi. Mzee alikuwa anasimama getini anawatazama mpaka wanyamaze. Nilikuwa naona mgongo wake tu, kupitia dirishani, koti jeusi na kofia.

Fundi wa umeme hakutafutwa. Nilimsikia mzee mwenyewe akimwambia mke wake barazani, kwa sauti ya makusudi ili inifikie chumbani: "Fundi wa nini, wakati tunamlisha mmoja?" Mimi nikafurahi, mjinga mie. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuisimamia kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena ya aina ambayo hakuna fundi wa wilaya nzima aliyekuwa ameishika. Kwenye nyumba ya tofali unapasua ukuta kwa patasi na vumbi linakuingia mpaka kwenye meno. Kwenye boya unapasha kisu moto, unakivuta taratibu, na ukuta unafunguka kamfereji safi. Ndani ya kamfereji unalaza bomba, ndani ya bomba unapitisha waya, unaziba, kisha wanakuja wa plasta na wavu wao wanafunika. Ikishapigwa plasta hakuna anayeweza kujua waya umepita wapi. Ukiugonga ukuta unatoa sauti moja kila mahali. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: waya upande kutoka kwenye swichi kwenda juu, wima, basi, ili hata mtu asiyejua chochote ajue pa kutopigilia msumari. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa naamka nikiifikiria.

Tatizo lilikuwa mwenye nyumba. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hamkai chumba kimoja, hamsemeshani, akipita njia unaingia migombani mpaka apite. Ukiwa na la kumwambia unampa mtu alipeleke. Watu wa mjini wanaliona jambo la zamani, lakini mzee alikuwa mzee wa kanisa na bado alilishika hili kuliko amri zote kumi. Mimi sikuona ubaya. Mama yangu aliishi hivyo na hakufa. Utaratibu ni kwamba mwanamume akikaribia anakohoa, mwanamke anasikia, anajiondoa, heshima ya kila mmoja inabaki. Wiki za mwanzo alikohoa. Nikisikia kikohozi getini nilikusanya plaiazi zangu nikaingia kwenye chumba kilichokusudiwa kuwa bafu, nikachuchumaa humo mpaka aondoke. Kisha akagundua kuwa haondolewi na mtu. Akaanza kuleta kiti. Alikaa katikati ya sebule isiyo na paa, akaongea na mafundi habari za bei ya chai na ujinga wa vijana, asubuhi nzima, na mimi bafuni nimechuchumaa kwenye sementi mbichi, baridi inapanda, mkojo umenibana. Alijua nipo. Kuna siku nilimsikia akimuuliza fundi wa kuta, "Huyo panya wenu bado yumo?" na akaagiza chai nyingine.

Halafu akaacha kukohoa kabisa. Alikuwa anaingia kimya kwa viatu vya mpira, anikute juu ya ngazi, ili nami niruke, na yeye ajifunike uso kwa kofia na aondoke akilalamika kwa mke wake kwamba mkamwana wake hana adabu. Mafundi wakapata mchezo. Fundi wa kuta aliitwa Bosco, kijana wa Mbeya mjini, mdomo mpana. "Oya, mzee huyo!" anapiga kelele, na mimi mbio, na mzee hayupo. Mara ya kwanza nilicheka nao. Mara nyingine nilirukia dirishani nikatua kwenye zege lililomwagwa asubuhi ile, nikazama mpaka kwenye miundi, kiatu kimoja kikabaki humo. Walicheka mpaka wakakaa chini. Niliinua macho nikamwona Ipyana, ambaye alikuwa amekuja kunisaidia kuvuta waya. Alikuwa anacheka kuliko wote, ameshika tumbo, machozi yanamtoka. Jioni, tukila kande, aliniambia, "Lakini ulichekesha kweli, Sekela." Nilimpenda mwanamume yule vibaya sana. Nikamwongezea kande.

Ipyana ndiye aliyekuwa mdomo wangu kwa baba yake na mdomo wa baba yake kwangu. Kila nililotaka kusema kuhusu nyumba ile lilipita kwake. Nilitaka meini swichi, ile ya kuzima umeme wa nyumba nzima, ikae kwenye baraza la nyuma, mahali mtu yeyote anaweza kufika haraka. Jibu likarudi: mzee anataka ikae sebuleni, nyuma ya kiti chake, mwenye nyumba ndiye mwenye umeme. Haya. Nilitaka boksi jipya la kugawa umeme, lenye vizuizi vya kisasa vinavyojikata vyenyewe. Mzee akatoa la zamani alilopata kiwandani, la fyuzi za kuchomoa kwa mkono, kila waya na yake. Haya. Kisha, dari ikiwa imeshapigiliwa, mzee aliyekuwa amekataza waya mwingine kupita darini kwa sababu ya panya, akaamua kununua jiko la umeme. Hakuna mtu mtaani aliyekuwa nalo. Waya wa jiko ni mnene, unabeba umeme mwingi, na ili ufike jikoni bila kupita darini ilibidi ukatize ukuta mzima wa sebule kwa mlalo, usawa wa kichwa changu. Sheria yangu ilivunjika hapo hapo. Nilimwambia Ipyana, "Mimi siulazi mpaka baba yako ajue. Ukuta huo hauguswi. Hata msumari wa kalenda." Milango ilikuwa haijawekwa, sauti zilikuwa bado zinatembea humo ndani, na nikiwa bafuni nilimsikia Ipyana akienda kwa baba yake, akakaa, akaulizwa habari za shamba, akajibu, akaulizwa kama mke wake amekubali kupitisha waya, akajibu, "Amekubali, tata." Nikasubiri aendelee. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Nilimuuliza alipotoka, na akanitazama usoni: "Nimemwambia kabla, asubuhi. Anajua. Hatagusa." Nikaamini. Siku ile tulilaza bomba pamoja, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, alilishika kwa mikono yake miwili mimi nikiziba. Alikuwa anaimba.

Milango ilipowekwa, nyumba ikawa kiziwi. Hilo la maboya hakuna aliyetuambia. Ukifunga mlango husikii kitu cha chumba cha pili, hata kishindo, na mama mkwe aliyezoea kuita kutoka jikoni ikabidi awe anatembea. Alilalamika kwamba ni nyumba ya kufia mtu peke yake. Mzee alifurahi. Akatangaza siku ya kuifungua.

Siku hiyo walikuja watu wa kanisa, watu wa kiwandani, ndugu wa Igogwe, na dada mkubwa wa mzee, ambaye sote tulimwita Shangazi na ambaye neno lake lilikuwa la mwisho ukoo mzima. Mchungaji aliomba, tukasema amina nje kwenye manyunyu. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wengine, maana jiko lilikuwa na mlango wake wa nyuma na mzee asingefika huko. Tulipika mbalaga kwenye majiko ya mkaa barazani. Jiko la umeme lilikuwa linang'aa pembeni, limefunikwa kitambaa cha kushona, la kuonyeshwa wageni tu, ingawa nililiunganisha lote na likajaribiwa, likawaka. Viatu vyote vilikuwa vimeachwa nje kwa ajili ya sakafu mpya, na kwa vile watu walikuja na matope mpaka kwenye soksi, wasichana walikuwa hawaachi kudeki.

Mama mkwe akaingia haraka. "Nipeni dekio jingine. Mwenzio anatoboa ukuta, punje za maboya zimejaa sakafuni kote."

Nikamuuliza ukuta upi. Akasema wa sebuleni, wa nyuma ya kiti cha mzee; wanatundika picha ya marehemu baba yake mzee, ile ya fremu kubwa ya mninga. Msumari ulikuwa umezama wote kwenye boya bila kushika, Bosco akashauri watoboe mpaka kwenye zege, mzee akatoa drili yake ya kiwandani. Drili ile naijua. Mwili wake wote chuma, waya wake pini mbili, haina earth, ule waya wa tatu wa kuuondoa umeme ukivuja. Na Ipyana yuko peku kwenye sakafu iliyodekiwa.

"Mama, kamwambie aache! Waya wa jiko uko hapo hapo!"

"Si baba yake alishaambiwa?"

"Nani alikwambia kaambiwa?"

"Ipyana." Tulitazamana, na sote wawili tukajua kwa wakati mmoja kuwa hakuna aliyeambiwa kitu. "Lakini yeye mwenyewe anajua," akasema. "Hawezi kutoboa waya anaoujua. Si ulisema mliulaza pamoja?"

Nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote. Ukuta ukalimeza, wanawake waliokuwa barazani ndio walioruka. Mama mkwe akanishika kanga. "Mwanangu, huingii mle. Mzee amekaa mle. Ngoja nimwite mtoto ampeleke maneno." Maneno yatafika lini? Niliivuta kanga ikachanika, nikafungua mlango.

Nawaambia nilichokiona. Chumba kimejaa watu wamekaa kwenye viti vya kuazima, sahani magotini, redio inaimba kwaya. Mzee kwenye kiti chake kipya amenyoosha miguu mbele. Ipyana amesimama ameupa mgongo mlango, drili inanguruma, punje nyeupe zinamrukia kichwani na mabegani. Usawa ni ule ule wa bomba. Ili nifike kwenye meini ilibidi nipite mbele ya uso wa baba mkwe na kumruka miguu, na nikamruka, goti langu likamgusa. Nikavuta meini chini. Redio ikakata, drili ikakata. Bila hata kufikiri nikachomoa na fyuzi ya jiko, maana ndivyo nilivyofundishwa chuoni: ukizima umeme ondoka na fyuzi, asije mtu akakuwashia ukiwa umeingiza mkono. Nikaifumba kiganjani.

Halafu Shangazi akamwita Mungu, "Kyala wangu," na mzee akavuta koti lake likamfunika kichwa chote. Hakuna aliyeutazama ukuta. Watu wote waliokuwa chumbani walikuwa wananitazama mimi, miguu yangu, kanga yangu iliyochanika, kama nimeingia uchi. Ni mimi na Ipyana tu tuliotazama drili. Alikuwa ameichomoa, na kwenye ncha yake palikuwa na unyuzi mrefu wa plastiki. Boya halitoi unyuzi, linatoa punje. Ule ulikuwa wa bomba. Ilibaki kidogo sana afikie waya. Ipyana aliutazama, akanitazama mimi, na akaufuta kwa kidole gumba, akaupangusia kwenye suruali.

Nikatolewa huku nasema ukutani pana umeme. Nilisukumwa na mikono ya wanawake mpaka kwenye korido, pazia likashushwa kati yangu na wao, nikaambiwa nikae chini. Nikakaa. Mlango ulikuwa umeachwa wazi ili nisikie hukumu yangu, na pembeni mwa pazia palikuwa na upenyo. Kesi ikaanza hapo hapo, na wageni hawakuondoka, nani angeondoka? Shangazi hakuwa mwanamke mjinga. Aliuliza swali moja tu, na lilikuwa swali lenyewe. "Ipyana, mwanamke huyu anasema amekuokoa. Ukutani pana umeme au hapana?"

Jibu moja tu. Angesema "upo," ningekuwa mtu niliyeokoa roho, na kwa jambo la roho kila mila ina mlango wa kutokea. Shangazi alikuwa anamfungulia huo mlango kwa mkono wake. Lakini akisema upo, itabidi aseme pia kwamba alijua, kwamba alitumwa kwa baba yake akadanganya, na kwamba baba yake aliposema toboa hapa, alitoboa. "Hapana, Shangazi," akasema. "Mimi najua waya ulipo. Nilikuwa napita pembeni. Hofu zake tu."

Minong'ono ikaanza. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni na dekio lake, akasema kwa sauti ndogo, "Basi picha itundikwe siku nyingine. Watu wale." Na hapo mzee, akiwa bado na koti kichwani, akanena kwa mara ya kwanza. "Kama hapana umeme," akasema, "basi amalize. Hapo hapo alipoanzia. Watu waone nyumba yangu haina matatizo."

"Tata, mwanangu huyo," mama mkwe akamwambia mumewe.

"Ni nani amesema si mwanao? Kaa chini."

Sitasahau kwamba hakupandisha sauti. Aliutoa mkono kwenye koti, akaupeleka nyuma bila kugeuka, akapapasa meini, akaipandisha. Kwaya ikarudi pale pale ilipokuwa imekatika. Ipyana akainua drili. Alitazama upande wa pazia mara moja. Alikuwa amekiona kile kinyuzi. Alijua. Na bado aliirudisha ile ncha kwenye shimo lile lile, miguu peku, sakafu ina maji, kwa sababu kufa mbele ya baba yake kulikuwa kwepesi kuliko kumwambia baba yake neno moja.

Mimi nilikuwa na fyuzi mkononi. Waya ule ulikuwa umekufa. Angeweza kuutoboa mpaka upande wa pili na asisikie hata mtekenyo. Na nilijua kitakachofuata: atatoboa, hatakufa, na mimi nitakuwa mwongo. Ningeweza kusimama nikapita lile pazia nikawaonyesha, hii hapa, ndiyo sababu. Niliona mpaka jinsi ambavyo ningesimama. Lakini pia nilimsikia mzee, nilimsikia wazi kabisa kabla hata hajasema, kwa sauti ile ile isiyopanda: basi irudishwe, atoboe tena. Na Ipyana angetoboa tena. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nilitaka aishi. Nikaifunga fyuzi kwenye pindo la kanga, nikakaza fundo, nikanyamaza.

Drili ikanguruma. Ikapita boya, ikakwaruza kitu, ikapita, ikafika kwenye zege na kuanza kulia. Ipyana alikuwa amefumba macho. Kisha akayafumbua. Akajitazama, akautazama ukuta, akaanza kucheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyepewa uhai wake na hajui na nani. "Si mnaona?" akawageukia watu. "Si niliwaambia?" Vigelegele vikapigwa. Bosco akamletea bolti, fremu ya mninga ikapanda, marehemu babu akatutazama sote kutoka juu ya waya wangu. Na mzee, ndani ya koti lake, akasema wagawiwe nyama.

Shangazi alinihukumu bila ukali, kwa uchovu. Nirudi kwetu mpaka watu wangu wanilete na ng'ombe wa kusafisha njia kati yangu na mzee. Kwa kuingia tu, alisema, pengine lingezungumzika. Lakini kuingia kwa uongo, hapana. Mama mkwe alinisaidia kukunja nguo zangu kule chumbani. Nilimwambia jambo moja: jiko lile lisiwashwe, aape. Hakuniuliza kwa nini. Aliuona ule uvimbe kwenye pindo la kanga yangu, akaushika kwa vidole kwa nje, akauachia. Baadaye mtaani walisema niliiba fyuzi, na yeye hakuwahi kukanusha, ila alipika kwa mkaa mpaka alipokufa. Ng'ombe hakupelekwa. Baba yangu alitaka, nikamwambia akimpeleka ng'ombe yule, na mimi hataniona tena.

Ipyana alinikuta getini, begi la vifaa begani. Bado alikuwa na punje za boya kwenye nywele na harufu ya nyama mdomoni. Alikuwa na furaha, Mungu wangu, alikuwa na furaha ya kweli, na nadhani alikuwa ameshaanza kujiaminisha. Akanishika mkono.

"Sekela, rudi ndani uombe radhi. Sema tu ulikosea. Au bado unabisha? Nikamwambie baba kwamba bado unabisha?"

Niliitazama mikono yake, wa kulia na wa kushoto. Ilikuwa mizima, ina joto, ina mafuta ya nyama kwenye vidole. Nikibisha, baba yake angeirudisha kwenye drili.

"Nilikosea," nikamwambia.